Saa ya Laki Nane

Historia aliyosimuliwa kijana wa Kamachumu, karibu na stendi ya Bukoba, ilikuwa ya kweli tupu. Hans Wilsdorf na shemeji yake Alfred Davis walianza biashara ya saa London mwaka 1905. Jina Rolex likasajiliwa 1908. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ikahamia Geneva, Uswisi. Mwaka 1926 likaja kasha lisilopitisha maji, na 1931 mtambo unaojijaza wenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Muuzaji hakukosea hata mwaka mmoja. Ya uongo ilikuwa saa yenyewe.

Kisa ni cha kutunga, ila mtego wake ni halisi. Mtu akiijua sana historia ya bidhaa, tunamwamini kwamba anaijua na bidhaa. Kijana alionyeshwa boksi la kijani na kadi yenye namba, akaambiwa saa imepitia Mutukula kutoka Kampala, bei laki nane kwa kuwa mwenyewe ana haraka. Rolex mpya ya bei ya chini kabisa inazidi dola 5,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 10. Laki nane peke yake ilitosha kuwa jibu.

Pesa aliipata kwa butura. Krismasi ilikuwa inakaribia, wenzake wanarudi kutoka Dar es Salaam, naye alitaka wamkute amependeza. Basi akauza kahawa ya kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake, ingali mbichi mtini. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, na mimi huumia kila ninapoisikia, maana anayeuza hivyo kwa kawaida ana mgonjwa au ada ya shule. Huyu hakuwa na dharura. Sioni kosa kupenda saa nzuri. Kosa ni kuipenda kwa jasho la mwaka mzima bila kumpelekea fundi kwanza aiangalie.

Kwa fundi alikwenda mvua za masika zilipoanza na kioo kikafanya ukungu kwa ndani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nani kakuuzia hii?”

“Waitu mzee, ni orijino. Tazama mshale unavyoteleza.”

Mzee akafungua mgongo. Betri haikuwamo, ulikuwamo mtambo wa kujijaza, ila wa bei rahisi, na mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekaa upande. Akamweleza kwamba mshale kuteleza si ushahidi, kwa sababu hata saa feki nyingi siku hizi zina mtambo wa namna hiyo. Kadi inachapishwa popote. Namba ya saa nayo inanakiliwa, ndiyo maana saa elfu za bandia zinaweza kubeba namba moja. Rolex mpya huuzwa na wakala aliyeidhinishwa na kampuni, na dhamana yake ni ya miaka 5. Saa iliyokwisha kutumika huifungua fundi mbele ya mnunuzi, kabla pesa haijatoka mfukoni. Hata maneno “Swiss Made” yana masharti: tangu 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa itumike nchini humo, na feki huyaandika hayo hayo kwa herufi nzuri.

“Una risiti?” mzee akauliza.

Hakuwa nayo. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, lakini malalamiko yanahitaji pa kuanzia, na kijana hakujua jina la muuzaji wala duka lake. Namba ya simu aliyopewa ilikuwa haipatikani.

Kahawa ilipoiva, mwenye butura alifika Kamachumu na vibarua wake. Kabla ya kulipa, mwezi wa kumi na mbili, alikuwa amezunguka kibanja chote na kukagua mkahawa mmoja mmoja. Kijana aliomba kazi ya kuchuma, akalipwa ujira wa siku kama wengine.