Fedha ya Moshi

Mtu aliyepigwa akidai fidia, na fidia ile ikawa fungu la fedha kwa kila fimbo itakayopigwa kesho katika migongo ya wengine, je, amepata haki au ameingia ubia? Swali hili lafanana na kitendawili cha barazani, lakini lilipata kuwa mkataba wenye mihuri. Tarehe 23 Novemba 1998 majimbo 46 ya Marekani yalipatana na makampuni makubwa ya sigara kwamba makampuni yatayalipa dola zipatazo bilioni 206 katika miaka 25, na kuendelea kulipa baadaye.

Asili ya shauri ilikuwa njema. Tangu Januari 1964, Luther Terry, Mganga Mkuu wa nchi ile, alipotangaza kuwa sigara huleta saratani ya mapafu, wavutaji walioshtaki kwa kawaida walishindwa mahakamani, kwa kuwa waliambiwa walivuta kwa hiari yao. Mwaka 1994 Mike Moore, Mwanasheria Mkuu wa Mississippi, alipita mlango mwingine. Alidai kwa ajili ya hazina ya jimbo, iliyolipia matibabu ya maskini waliougua kwa kuvuta. Hazina haijapata kuweka sigara mdomoni, wala hapana awezaye kuiambia kuwa ilijitakia. Hoja ilikuwa kali kama wembe, na majimbo mengine yakaifuata.

Hapana shaka mkataba ulileta manufaa. Mabango ya sigara yaliondolewa barabarani, matangazo ya kuwanasa watoto yakapigwa marufuku, na bei ikapanda. Walakini ndani yake mlikuwa na kanuni moja ya hesabu: sigara zikipungua kuuzwa, malipo ya majimbo nayo hupungua.

Wako wasemao kuwa mdai akilipwa haki yake hana lazima ya kueleza aitumiavyo. Jimbo lilitoa fedha kwa wagonjwa, limerudishiwa, basi na lijenge barabara likitaka. Neno hili lingekuwa na nguvu kama deni lingekuwa la jana tu. Lakini deni la jana halipungui kwa kuwa watu leo wameacha kuvuta. Malipo yapandayo na kushuka pamoja na biashara ya mdaiwa ni fungu katika biashara ile, hata yakiitwa fidia. Tena fungu lenyewe hutoka mfukoni mwa mvutaji, ambaye mara nyingi ni maskini, na ambaye jina lake ndilo lililotajwa mahakamani ili fedha ipatikane. Mtu akidai mali kwa jina la yatima, huitwa wasii. Na wasii huulizwa hesabu.

Mwaka 2003 jambo hili lilionekana mchana kweupe. Hakimu mmoja wa Illinois aliiamuru kampuni ya Philip Morris iweke dhamana ya dola bilioni 12 kabla ya kukata rufani katika kesi ya wavutaji. Kampuni ikasema haiwezi, na kwamba huenda ikashindwa kuyalipa majimbo fungu lao la mwaka. Wanasheria wakuu wa majimbo zaidi ya 30 wakapeleka hoja mahakamani kuomba dhamana ipunguzwe, nayo ikapunguzwa. Hapana haja ya kuwadhania rushwa. Shule na hospitali zilikwisha kupangiwa fedha ile, na baadhi ya majimbo yalikwisha kuuza hati za dhamana kwa kuweka rehani malipo ya miaka ijayo. Mtu mwaminifu, akiisha kuwaahidi wengine fedha ya moshi, huanza kuuombea moto usizimike, naye hajui kuwa anauombea.

Hesabu ya matumizi yathibitisha hayo. Katika mwaka wa fedha wa 2020 majimbo yalitazamiwa kupata karibu dola bilioni 27 kwa malipo ya mkataba na kodi za tumbaku. Katika kila dola, chini ya senti 3 ziliwekwa kwa kazi ya kuwazuia watu wasivute na kuwasaidia walionaswa.

Florida, iliyopatana na makampuni peke yake mwaka 1997, ilianza vizuri kuliko wengi. Iliwapa vijana wenyewe kazi ya kuwaonya wenzao, na uvutaji shuleni ukashuka upesi. Kisha Baraza likaanza kukata fedha za kazi ile, likakata na kukata, hata ilipofika 2003 palibaki makombo. Wapiganiaji wa afya wakachoka kusihi. Walikusanya sahihi, wakapeleka shauri kwa wapiga kura, na Novemba 2006 sheria ikaandikwa katika Katiba ya jimbo: kila mwaka kitengwe kiasi kilicho sawa na sehemu 15 katika kila 100 za malipo yaliyopokewa mwaka 2005, kiongezeke kadiri bei za vitu zinavyopanda. Kipimo kilichochaguliwa ni cha mwaka uliokwisha kupita. Wavutaji wakipungua, fedha hiyo haipungui. Nyingine yote imebaki mikononi mwa Baraza kama zamani.