Mwenye Nafasi Ndiye Apishe

Sheria za baharini za mwaka 1972 zinasema kwamba kwa kawaida meli ya injini iipishe mashua ya tanga. Lakini kwenye mkondo mwembamba, kama pale Likoni meli zikiingia Kilindini, mashua ndiyo isiizuie meli. Mbona sheria inageuka? Kwa sababu pale meli haina pa kukwepea. Mwenye nafasi ndiye apishe.

Nimesomea biashara, najua deni ni deni. Kaka yangu hapa Sagana ana deni langu, na sahihi yake ninayo. Lakini mwaka huu yuko na mtoto hospitalini, na karo juu. Nikimkazia niko na haki, na tutagongana. Juzi nilimwambia, "Kaka, tungoje mavuno."

Wewe je, unamkazia nani? Soma Warumi 15:1.