Neno Kukopa

Katika maneno yetu yahusuyo fedha, ni machache yatamkwayo kila siku kama neno kukopa, na aghalabu anayelitamka hudhani ameshalijua. Lakini Kiswahili kimeweka maneno mawili mahali ambapo mtu angeweza kutosheka na moja. Jembe huazimwa, unga hukopwa. Jembe lililoazimwa ndilo lile lile litakalorudi kwa mwenyewe. Unga uliokopwa huliwa, na kinachorudi ni unga mwingine mfano wake. Anayeazima, basi, ana mali ya mwenziwe mkononi. Anayekopa hana kitu ila ahadi yake. Fedha ni kama unga, ingawa wako wasemao "niazime elfu kumi", nami nadhani hulichagua neno hilo kwa haya, ili deni lionekane dogo.

Iko tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Azima hutumiwa na pande zote mbili: mimi naazima kwako, nawe waniazima. Kukopa hakukubali hivyo. Upande mmoja ni kukopa, upande wa pili ni kukopesha, na mwisho ule, kama katika kusomesha na kuendesha, huwa na maana ya kumfanya mwingine atende. Mkopeshaji, kwa kauli ya sarufi, ni mtu amfanyaye mwenziwe akope. Sarufi si kadhi, wala haimhukumu mtu. Hata hivyo yafaa kuuliza kwa nini, katika desturi yetu, lawama yote humwangukia mmoja. Tunasema kukopa harusi, kulipa matanga, na mwenye kuchekwa hapo ni mkopaji peke yake. Kamusi za kale hata zimelipa neno kukopa maana ya pili, nayo ni kudanganya.

Tazama Wazo, katika wilaya ya Kinondoni, penye kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Mwenye duka la mtaani huandika katika daftari nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni. Humkopesha amjuaye, anajua mtu huyo hulipwa lini, na anajua pia kwamba akimkopesha kupita uwezo wake atapoteza sukari na jirani kwa pamoja. Hadhari yake ni sehemu ya mkopo. Mkopeshaji wa namna nyingine, aonekanaye siku hizi katika vitongoji vya Dar es Salaam, hana haja ya kujua hayo. Huchukua kadi ya benki ya mkopaji, au huorodhesha kochi na televisheni yake, na riba huanza kuhesabiwa. Kwake, kushindwa kwa mkopaji si hasara. Watu wameuita mkopo huo kausha damu, na katika jina hilo, kwa mara moja, lawama imevuka upande wa pili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuja kuwataka wakopeshaji wa aina hiyo wawe na leseni, lakini jina la mtaani lilikuwa limekwisha kusema zaidi.

Wasomaji wa kurasa hizi wasidhani jambo hili ni la wauza mboga tu. Tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imewasomesha maelfu wasiokuwa na njia nyingine, na hiyo ni fadhila isiyokanushika. Lakini sikiliza lugha ya mwanafunzi. Hasemi "nimekopa"; husema "nimepata mkopo", kama apataye zawadi, na fedha ya kujikimu huiita bumu. Kijana wa miaka 20 ameahidi mshahara wa mtu wa miaka 30 ambaye bado hajakutana naye. Aajiriwapo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na hapo hasemi tena kwamba alipata, husema anadaiwa.