Deni la Wale Wasiozaliwa

Kila mara mipango ya nchi inapofikia fungu la utafiti, huzuka swali ambalo si la kubezwa. Je, ni haki kutoa fedha za umma kwa kazi ambayo matunda yake huenda yakaonekana baada ya miaka thelathini, hali leo kuna zahanati isiyo na dawa? Waulizao hivyo si adui wa elimu. Wengi wao ni watu wenye huruma, nao wastahili kujibiwa kwa mfano ulio wazi.

Mfano huo tunao Amani, katika milima ya Usambara. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa mikononi mwa Waingereza. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walianza kutafuta muhogo uwezao kuhimili batobato. Waliuchanganya na mimea ya ukoo wake, hasa mti wa mpira wenye asili ya Brazil, wakapata miche yenye nguvu lakini mizizi yake duni. Basi wakaichanganya tena na muhogo wa kuliwa, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikazaa chakula. Hatusemi kwamba serikali ya kikoloni iliwahurumia wajukuu wetu. Ilikuwa na hesabu zake. Lakini kazi ilifanyika, na kumbukumbu zake zikaandikwa.

Katika miaka ya 1950 sehemu ya uzao huo ilipelekwa Nigeria. Taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoundwa Ibadan mwaka 1967 ikautumia kuzalisha aina mpya, na baadhi ya aina hizo zikapandwa Uganda katika miaka ya 1990, wakati batobato kali ilipokuwa imeteketeza mashamba. Mtoto wa Uganda aliyeshiba muhogo huo hakuwako duniani kazi ilipoanza. Hakuweza kupeleka ombi kwa mtu yeyote. Mgonjwa wa leo aweza kulia mbele yetu, na ni wajibu kumsikiliza; yule asiyezaliwa hana sauti ila ile tunayomkopesha sisi.

Lakini haki yake hailindwi kwa majengo tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi za utafiti zilizokuwa za pamoja zikabaki kila nchi na lake. Tanzania iliunda taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu mwaka 1979, Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986, na taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 2016. Kwa hiyo hatukukosa vyombo. Wala hatukukosa ahadi: mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kuelekeza asilimia 1 ya pato lao kwenye utafiti, nazo nyingi bado hazijafika hapo.

Jengo hufunguliwa kwa ngoma na hotuba. Mshahara wa mtu anyweshaye miche haufunguliwi na mgeni rasmi, nao ndio wa kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua. Na muhogo hauwekwi ghalani kama mahindi! Aina zake hutunzwa zikiwa hai shambani, hukatwa pingili na kupandwa upya. Mtunzaji akiondoka, shamba likaingiwa na magugu na ugonjwa, jasho la miaka ishirini laweza kupotea kabla ya bajeti nyingine kusomwa, wala hakuna mkopo uwezao kulinunua tena.

Mshahara huo hauwezi kuwa ndio uliozinyima zahanati dawa. Kwa hiyo twawaomba wanaoandika mipango ya miaka ijayo waanze na mtu huyo: wataje nani atamlipa katika mwaka wa kumi, baada ya wafadhili kwenda zao, na fungu lipi halitaguswa mavuno ya nchi yakiwa haba. Hilo likiisha kuandikwa, ndipo waitwe wachora ramani za majengo.