Mwigizaji, Mnafiki na Macho ya Mtazamaji

Mtoto wa shule huku kwetu Pito akipewa sehemu ya mwizi katika mchezo wa kuigiza, mzazi wake aweza kuuliza kwa haki: Je, ni vema mwanangu asimame mbele za watu na kusema yasiyo kweli? Je, uongo hugeuka kuwa mwema kwa sababu watu wanaucheka? Swali hili si la kudharauliwa, wala si jipya.

Wazee wa Ufipa hawakuridhika na chuma kilichotoka katika tanuru refu, ilungu. Walikitia tena katika tanuru dogo, kintengwe, ili kisafike. Sisi nasi tulipitishe neno motoni mara mbili: kwanza tujue latoka wapi, kisha tujue latufundisha nini.

Waingereza, Wafaransa na Wajerumani hutumia jina moja lililotoka Uyunani, theatron. Shina lake ni kutazama. Theatron ni mahali pa kutazama. Tuangalie jambo hili: Wayunani hawakupaita mahali pale kwa kazi ya wachezaji, bali kwa kazi ya wale walioketi. Wajapani husema shibai, neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya kuketi majanini, maana watazamaji waliketi hivyo. Kwetu Kiswahili twayo majina mengi. Mchezo lataja mwili wa achezaye, nalo twalitumia kwa ngoma pia, kama wasemavyo wahenga: Mcheza kwao hutunzwa. Kuigiza kwatokana na kuiga. Maonyesho yatokana na kuona, kwa kuwa aonyeshaye humfanya mwenziwe aone. Tamthilia ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu yake methali na mithili. Maana yake ni mfano.

Basi, kutazama, kuketi, kucheza, kuiga, kuonyesha, kufananisha: katika majina hayo yote hakuna hata moja lenye maana ya kudanganya. Walakini liko neno moja lililo kinyume. Wayunani walimwita mwigizaji hypokrites. Neno hilo hilo ndilo lililoandikwa katika Injili za Kiyunani mahali ambapo sisi twasoma mnafiki. Jina moja, watu wawili! Je, mzazi yule hakusema kweli?

Hapa ndipo tulitie neno katika tanuru la pili. Mwandishi Plutarch asimulia habari za Solon, mtunga sheria wa Athens, aliyeishi yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Solon alikwenda kumtazama Thespis, mwigizaji wa kwanza kwa sifa, na mchezo ulipokwisha alimwuliza kama haoni haya kusema uongo mwingi vile mbele za watu wengi. Thespis akajibu kwamba hapana ubaya, kwa kuwa ni mchezo tu. Solon akaipiga nchi kwa fimbo yake, akasema kwamba wakiusifu mchezo wa namna hiyo, haitakawia watauona ndani ya mapatano yao.

Plutarch aendelea kusimulia kwamba baadaye Peisistratus alijijeruhi mwenyewe, akaingia sokoni amechukuliwa juu ya gari, akilia kwamba adui zake wametaka kumwua. Solon alimwendea akamwambia kwamba anaigiza, tena vibaya. Watu hawakusikia. Walimpa walinzi wenye rungu, na kwa walinzi hao aliiteka ngome ya mji, akawa mtawala wa nguvu.

Tuwapime watu hao wawili. Thespis alisema yasiyo kweli, wala hapana aliyedhurika, kwa kuwa kila aliyeketi alijua kwamba huyu ni Thespis. Uongo hauwi uongo mpaka awepo mtu anayefichwa kweli. Peisistratus pengine hakuhitaji maneno mengi; damu yake ilikuwa damu hasa. Lakini aliigiza sokoni, mahali ambapo watu hawakujua kwamba wanatazama mchezo. Basi tofauti ya mwigizaji na mnafiki haimo katika ulimi wala katika nguo. Imo katika mapatano ya achezaye na atazamaye. Mwigizaji huvua vazi lake mbele ya watu. Mnafiki hulala nalo.

Na mtazamaji je? Jina la Kiyunani lamtwika yeye kazi. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 19, watu wa Efeso walikimbilia theatron yao, nao wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili, hali wengi wao hawakujua sababu ya kukusanyika. Walikuwa mahali pa kutazama, wala hawakuona. Watu wa Athens sokoni walikuwa na macho pia. Laiti wangalizoea kumtazama Thespis kwa akili, labda wangalimtambua Peisistratus.

Ndiyo sababu mchezo mwema ni shule ya macho. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake *Kinjeketile* mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907, hakuna aliyedhani kwamba mchezaji yule ndiye Kinjeketile. Lakini swali lililomo ni la kweli: kiongozi afanye nini neno lake likiisha kuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe? Kwa mfano usio kweli watu wameulizwa jambo la kweli.

Hatusemi kwamba kila mchezo ni mwema. Mtoto akimwiga jirani kilema ili wenziwe wacheke, hakudanganya mtu, lakini ameumiza mtu. Na hofu ya Solon haikuwa ya bure, kwa maana azoeaye kusifiwa kwa uso wa bandia aweza kuutamani hata sokoni. Kwa hiyo mzazi na amruhusu mwanawe aigize mwizi, tena akae mbele amtazame vema. Jioni, nguo za mchezo zikiisha kuvuliwa, na amwulize: Mwizi yule alianza kupotea wapi? Mtoto akiweza kujibu, hakujifunza uongo siku ile.