Ogopa Ukuta Uliopakwa Rangi Juzi

Mjukuu wangu, zile picha ulizonionyesha Jumapili baada ya ibada zimeninyima usingizi. Nyumba ya vyumba vitatu, mabati mekundu, ua umefagiliwa hadi nyayo za ufagio zinaonekana mchangani. Ulikuwa umejaa furaha, nami sikutaka kuikata mbele ya wenzako. Lakini nilipoisogeza ile picha karibu na macho niliona rangi nyeupe imetoka chini ikaishia usawa wa kiuno, na juu yake ukuta umebaki na umanjano wake wa zamani. Huku kwetu Nyakach ya chini, mtu hapaki nusu ya ukuta kwa kuipenda rangi.

Maji ya mafuriko yakikaa ndani ya nyumba siku mbili tatu huchora mstari wa matope. Ukiusugua kwa sabuni unafifia, kisha ukuta ukikauka unarudi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 niliona nyumba nyingi zenye mstari huo. Unajua jina la mji wetu lina neno pap, na pap kwa Kijaluo ni uwanja, mahali tambarare, na maji ya mlimani hayana haraka ya kuondoka penye tambarare. Yanashuka kutoka Nyabondo na vilima vya Wakipsigis, yanakutana na mito iliyojaa tope, na huko mbele ziwa nalo likiwa juu hayana pa kwenda. Wazee wangu walisimulia mvua za Uhuru za 1961 na 1962, ambazo zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili. Sisi tukadhani hadithi hiyo imekwisha na wao. Mei 2020 ziwa likaivuka alama ya juu kabisa liliyoifikia 1964 baada ya mvua hizo, na watu wa pwani ya Nyakach wakahama na milango ya nyumba zao mabegani.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwako ni hili: nyumba chafu usiiogope sana. Uchafu una bei. Nyasi zilizofika kifuani ni kibarua wa siku mbili na slasha. Masizi jikoni ni chokaa. Hata popo darini, ambao mkojo wao hunuka ukiingia mlangoni, fundi atakwambia atawatoa kwa kiasi gani na dari mpya itakula mbao ngapi. Unachopaswa kukiogopa ni usafi uliofanywa kwa ajili yako, wiki moja kabla hujafika.

Nenda tena bila kuaga. Nenda siku ambayo hukutarajiwa, na kama unaweza, nenda mvua inaponyesha. Simama uani uangalie maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Ardhi yetu hii nyeusi inavimba ikilowa na kupasuka kiangazi, hata mguu wa ndama huweza kuingia katika ufa. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kina hupasuka kutoka kona ya dirisha kwenda juu, na hakuna ufagio unaotibu jambo hilo. Tazama mpaka wa nyuma. Kama kuna kijifereji kidogo chenye kingo zilizosimama wima, usikichukulie kama mtaro. Nenda Katuk Odeyo ukaone vijifereji vya namna hiyo vilivyokua vikawa makorongo yanayoweza kumeza nyumba, yaliyokula mashamba na njia za watu. Korongo halijali hati miliki yako inasema ekari ngapi.

Waulize majirani, na usiwaulize kama nyumba ni nzuri. Waulize 2020 maji yalifika wapi. Mtu akiulizwa kuhusu nyumba ya jirani atalinda heshima ya jirani, lakini akiulizwa kuhusu maji atakuonyesha kwa mkono: yalifika hapa, kuku tulipandisha pale. Mzee wa kijiji naye anajua. Keti naye, kunywa chai yake, usiwe na haraka.

Na choo. Vijana mnatazama jiko na sebule, choo mnakipita kwa aibu. Fungua mlango, chukua kamba, funga jiwe, pima. Shimo lililobakiza mita moja ni deni utakalolipa wewe, si muuzaji. Kisha pima kwa hatua kutoka shimo hadi kisima. Wataalamu wa maji hutaka mita 30 angalau, na katika ardhi inayofurika kama yetu hata hizo sizitegemei sana, kwa maana gharika ikija choo na kisima huwa kitu kimoja. Tumezika watu kwa kipindupindu katika nchi hii. Tazama pia kama pana mashimo ya kufyatulia matofali. Kule Nyabondo matofali ndiyo riziki ya watu wengi, lakini shimo likiachwa hujaa maji na kuzaa mbu mwaka mzima. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wamefanya kazi ya malaria huko kwa sababu hiyo hiyo. Shimo uani si jambo la kupuuza. Uliza nani atalifukia, na kwa udongo wa kutoka wapi.

Sasa nikwambie kilichompata mjomba wako, maana kosa lilikuwa langu na nimelibeba miaka mingi. Aliponunua ile nyumba ya karibu na soko, muuzaji alikuwa mzee wa rika langu. Mjomba wako alitaka kuandika kila kitu: takataka ziondolewe, choo kinyonywe, vyuma chakavu vya nyuma vihamishwe, tangi la maji na milango vibaki. Nikamkataza. Nilimwambia ni aibu kumwandikia mtu mzima vitu vidogo kama hivyo, neno la mzee linatosha. Wakaandikiana bei na mipaka, basi. Siku ya kuhamia tulikuta tangi halipo, milango miwili ya ndani imeng'olewa na bawaba zake, mwembe umekatwa umeuzwa kuni, na vile vyuma chakavu vipo pale pale na juu yake wamemwaga uchafu wa nyumba nzima. Mke wa mjomba wako alisimama na mtoto mgongoni akalia. Nilimwendea yule mzee. Akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, pameandikwa wapi? Sikuwa na jibu. Mahakamani pengine tungelishinda, kwa kuwa kitu kilichoshikamana na nyumba huenda na nyumba, lakini nauli na siku za kesi zingelimeza thamani ya tangi mara tatu.

Tangu siku hiyo naona kuandika ni heshima. Kunamwondolea mwenzako kishawishi, na wewe kunakuondolea uchungu. Sheria yenyewe inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Basi tumia karatasi hiyo hiyo kuandika yale mnayoyaona madogo. Andika kwamba nyumba ikabidhiwe tupu na imefagiliwa. Taja vitakavyobaki kimoja kimoja: tangi, mifereji ya mabati ya kukinga mvua, milango, taa, miti. Taja vitakavyoondoka, na siku ya kuondoka. Kisha mwambie wakili abakize sehemu ya fedha mkononi mwake mpaka mtembee pamoja uani mkiwa na orodha. Kwa kawaida utatoa asilimia 10 kwanza na zilizobaki siku ya kukamilisha, mara nyingi ndani ya siku 90. Mjomba wako alitoa zote siku moja.

Mambo mengine wakili wako atakuhimiza: upekuzi katika ofisi ya ardhi, kibali cha bodi ya ardhi kama ni ya kilimo, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Mita ya umeme, soma namba yake uulize kama ina deni. Sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye namna ya kupatana, kwa sababu nimekusikia ukijisifu kwamba utaikandia ile nyumba hadi bei ianguke. Usifanye hivyo. Mwaka jana kijana mmoja alikuja kununua nyumba ya mjane upande wa Katito, nami nikaitwa kushuhudia. Nyasi zilikuwa zimepanda hadi madirishani. Kijana akazunguka akipiga ulimi, akisema hapa hata mbuzi hawezi kuishi, hapa panaishi nyoka. Mama yule alikuwa ameinamisha kichwa. Mumewe ndiye aliyekuwa akifyeka ua huo kila Jumamosi, na urefu wa nyasi ulikuwa hesabu ya miezi tangu alipozikwa. Hakumwuzia kijana yule, na sikumlaumu.

Patana kwa hesabu, usipatane kwa dharau. Mpeleke fundi, mpeleke kibarua, akutajie bei ya kila kazi. Kaa na muuzaji mkiwa na karatasi: kufyeka na kuchoma ni kiasi hiki, kunyonya choo ni kiasi hiki, kufukia shimo ni lori ngapi za udongo. Kisha mwulize kwa adabu: mama, utafanya mwenyewe kabla ya siku ya makabidhiano, au nifanye mimi na tupunguze kwenye bei? Mwachie achague. Watu wengi wanaouza hawana nguvu wala fedha ya kusafisha, watafurahi upunguze. Wengine wana fahari yao, watataka kukukabidhi mahali panapong'aa. Vyote viwili ni vyema, mradi vimeandikwa. Lakini mambo yasiyosafishika, maji, ufa wa msingi, korongo, hayo usiyaweke kwenye orodha ya usafi. Hayo ama yabadilishe bei yote, ama yakurudishe nyumbani.

Limebaki moja, nalo ni zito. Hapa kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Ukikuta kaburi katika ua unaotaka kununua, hata kama limejengewa saruji na kupandwa maua, usimwambie muuzaji aliondoe kana kwamba ni rundo la mawe. Kufukua mwili si kazi ya jembe. Kuna kibali cha serikali, na kabla ya kibali kuna ukoo mzima wa kuketi nao. Na ukikuta mahali penye mwinuko mdogo nyuma ya nyumba, pamefunikwa na majani mengi kuliko pengine, uliza kwa sauti ya chini ni nani amelala hapo. Usimwulize broka, mwulize jirani mzee. Ukiambiwa, amua kama utaweza kuishi na kaburi hilo, kuliheshimu, na kuwafungulia geti watu wake wanapokuja. Ukiona huwezi, ondoka kwa amani. Boma la mtu mwingine lina majina yake, nasi Wajaluo hatujawahi kuona hilo kuwa dogo. Mimi ningekushauri hata leo ununue ploti tupu, ujenge yako, lakini najua kazi yako na mkopo wako havikupi nafasi hiyo.

Umesema Jumamosi unarudi kuiona. Usimpigie broka. Nipitie saa moja asubuhi, nitakuwa nimeshavaa gambuti. Kamba ninayo, jiwe tutaokota njiani. Nitabeba pia kitambaa na ndoo ya maji yenye sabuni, na kabla hujazungumza bei na mtu yeyote tutausugua ule ukuta pamoja, pale rangi nyeupe inapokutana na ya zamani, tusubiri ukauke.