Je, Kufunga Mlango ni Kusema?

Sisi wa Mtama twajua maana ya kukataa. Mkulima akiona bei ya mnada haifai, husema hauzi, na korosho zake hulala ghalani. Anayeumia kwanza ni yeye mwenyewe, kwani ada ya shule haingoji mnada wa pili. Lakini je, akifunga si ghala lake, bali kisima wanachochota wengi?

Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilifungwa na wenyewe kwa saa 24, ili kupinga miswada miwili ya mtandao huko Marekani. Tovuti nyingine nyingi zilifanya hivyo. Siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando. Mwanafunzi aliyekosa kusoma siku ile hakuulizwa. Hata hivyo naona walitenda vema: walitangaza mapema, wakaweka mwisho, na kila aliyebisha hodi alielezwa sababu.

Kwetu mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2018 Serikali ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa awe na leseni, na gharama zake zilifika kama shilingi 2,100,000. Asiyekuwa nayo aliwekewa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Waliopinga walikwenda Mahakama Kuu, tena hapa jirani, Mtwara. Mwanzoni mwa Mei mahakama ilizisimamisha kwa muda. Kabla mwezi haujaisha shauri likatupwa. Mwezi Juni JamiiForums ikafungwa, na blogu kadhaa zikanyamaza.

Wako walioona kimya hicho kuwa mgomo. Mimi nasita. Mgomaji ni yule awezaye kuendelea na kazi, naye akachagua kuacha. Anayeacha kwa kuogopa jela ametii, wala tusimvike joho la ushujaa ambalo hakuliomba. (Kutii nako si aibu, mwenye watoto hufikiri mara mbili.) Ila utii ukionekana na watu wote huwa una sauti: aliyezoea kusoma kila asubuhi akikuta pamefungwa, ataielewa sheria ile kuliko kwa hotuba.

Tena Serikali haikuzua hofu yote. Uongo huvunja jina la mtu kwa siku moja. Lakini mwongo na mkweli walitozwa ada ile ile, na mwenye fedha, hata akiwa mwongo, aliweza kulipa.

Kufungwa kwa JamiiForums kulitangazwa hata ng'ambo. Mwenye blogu ndogo, yenye wasomaji wachache wa wilaya yake, alifunga kimya kimya. Sijui ni nani aliyemwuliza habari zake.